Jumba, Gari na Kibanda: Tunapokarabati Sinema Tunakarabati Nini?

Katika masomo ya fasihi simulizi tunafundishwa mapema kabisa kwamba hakuna utendaji pasipo fanani, hadhira na mahali pa kukutania. Ukiondoa kimojawapo, kinachobaki ni maandishi au kumbukumbu tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huikariri kanuni hii, huiandika kwenye mtihani, akapata maksi zake, basi. Ni mara chache tunaitoa nje ya ngano, vitendawili na majigambo. Makala haya yanakusudia kuipeleka kwenye jengo: jumba la sinema la Majestic, lililoko Vuga, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Jumba hilo lilichakaa mno, na katika miaka ya karibuni asasi ya Hifadhi Zanzibar imejitwika kazi ya kulifufua. Swali langu ni dogo, ila naona haliulizwi vya kutosha. Jengo likishasimama, paa likarudi, viti vikafungwa na taa zikazimwa, je, itakuwa ni sinema ile ile iliyofufuka?

Yafaa msomaji ajue nazungumza nikiwa nimesimama wapi. Mimi ni mtu wa Mamba, Mpimbwe, katika mkoa wa Katavi, huo uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unakatisha hifadhi ya Katavi huku ukiomba gari lisiharibike kati ya viboko na nyati, unatokea Kibaoni, kisha unashika njia ya Usevya na Majimoto hadi kwetu. Mamba hakuna jumba la sinema. Tulichokuwa nacho ni kibanda cha video, kile ambacho vijana wa mjini hukiita kibanda umiza, na jina hilo limekaa mahali pake, kwani ukitoka mle mgongo unauma kwa benchi na macho yanauma kwa moshi wa jenereta. Basi anayeandika juu ya Majestic hapa ni mtu wa kibandani. Wapo watakaosema mtu wa namna hiyo hana la kusema kuhusu jumba lenye balkoni. Mimi nasema analo, tena kubwa.

Historia ya jumba lenyewe ni hii. Mwaka 1921 lilifunguliwa pale jumba lililoitwa Royal. Mchoraji wake alikuwa J. H. Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtawala na msanifu wa majengo kwa pamoja, yule yule aliyeijaza Zanzibar majengo ya serikali yenye matao ya kuigiza Uarabuni. Miaka hiyo mfanyabiashara aliyekuwa mbele katika shughuli za sinema visiwani alikuwa Hassanali Adamjee Jariwalla. Jengo la Sinclair liliteketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1955 likasimama jipya, kazi ya msanifu Dayalji Pitamber Sachania. Hili la pili halikutaka kuigiza Uarabuni hata kidogo. Lilijengwa kwa mtindo wa kisasa wa zama zile, mtindo ambao wasanifu huuita Art Deco, na ndilo hili linalokarabatiwa.

Angalia majina hayo. Wa kwanza Mwingereza, wa pili na wa tatu wenye asili ya Kihindi, picha zinazoonyeshwa zimetoka Bombay, Cairo na Hollywood, na waliojaza viti ni Waswahili, Wahindi, Waarabu, Wangazija, watu wa Ng'ambo na watu wa Mji Mkongwe. Hilo ni jumba la nani basi? Wanafunzi wa fasihi tunalijua swali hili kwa sura nyingine, maana miaka nenda miaka rudi tumekuwa tukibishana fasihi ya Kiswahili ni ipi: ni ile iliyoandikwa na Waswahili, au yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili? Wengi wetu tumeishia kukubali kwamba lugha na wapokeaji wake ndio wanaoipa kazi uraia. Kwa kipimo hicho hicho Majestic ni jumba la Kiswahili, na uswahili wake haukutoka kwa fundi mwashi. Ulitoka kwenye viti.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake *Reel Pleasures* kilichotoka mwaka 2018, amefanya kazi kubwa ya kuwasikiliza watazamaji wa zamani wa Zanzibar na Bara. Jambo moja linalojitokeza wazi ni kwamba picha haikuishia ukumbini. Aliyekwenda kuangalia alikuwa na deni: lazima amsimulie asiyekwenda. Palisimuliwa barazani, palisimuliwa jikoni, na kila msimulizi alitia chumvi yake. Filamu ya Kihindi haikuwa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Mtu aliyejua Kihindi alimnong'oneza jirani yake, naye akamnong'oneza wa upande wa pili, na asiyepata mnong'ono alisoma nyuso, akasoma nyimbo, akajitungia. Ndugu msomaji, hii siyo hadhira iliyokaa kimya ikalishwa. Hii ni hadhira inayotunga.

Chukua mfano wa *Awaara*, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ambayo ilipendwa mno Zanzibar. Hakimu mmoja anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mtoto wa muungwana awe muungwana. Anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, mtoto anakulia mtaani, mwizi anamlea, na mwisho wa yote mtoto huyo anasimama mahakamani mbele ya baba yake. Mtu wa Delhi aliiona filamu hii kwa macho yake ya Delhi. Lakini mtu wa Zanzibar ya miaka ya 1950, katika mji ambao neno ukoo na neno uungwana yalibeba uzito wa historia ya utumwa, aliona nini? Sisi tuna methali zinazogombana juu ya jambo hilo hilo. Upande huu tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, upande ule tunasema maji hufuata mkondo. Raj Kapoor hakuzijua methali hizo, lakini watu waliokaa Majestic walizijua, na walipotoka walikuwa na kesi ya kuijadili mpaka usiku wa manane. Mhakiki anayesoma *Awaara* bila kesi hiyo ya barazani amesoma nusu ya kazi.

Hata nyimbo hazikubaki Bombay. Wapo mafundi wa taarabu waliochukua lahani za filamu za Kihindi wakazitilia mashairi ya Kiswahili. Wako wanaolibeza jambo hili kuwa ni kuiga. La hasha! Mtunzi anayechukua mwili wa wimbo akaupa roho nyingine anafanya kile ambacho watunzi wa tenzi walifanya na visa kutoka Uarabuni.

Tena palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyojulikana kama zanana. Nalitaja sasa kwa sababu nitalirudia. Mwanamke ambaye desturi haikumruhusu kukaa gizani pamoja na wanaume asiowajua alipata siku yake na ukumbi wake, na yeye pia akawa mhakiki.

Wakati hayo yakiendelea, wakoloni walikuwa na nadharia yao kuhusu mtazamaji wa Kiafrika, nayo inafaa kuwekwa mezani kwa sababu imetuachia makovu. Mwaka 1935 hadi 1937 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, uliendeshwa mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35 kuhusu kodi, safura, malaria, akiba ya posta na mambo kama hayo, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti ilitoka kwenye santuri. Baadaye, mwaka 1939, Uingereza ikaanzisha kitengo cha filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda kasi. Kwa hiyo atengenezewe filamu za taratibu, picha ndefu, bila mikato ya ghafla, hadithi moja iliyonyooka kama fimbo.

Kuna kisa kilichosimuliwa sana na watu wa mkondo huo. Eti wanakijiji walionyeshwa filamu ya malaria, mbu akaonekana mkubwa kwenye pazia, nao wakasema kwao hakuna ugonjwa huo, kwani mbu wa kwao ni wadogo. Kisa hiki kimerudiwa mahali pengi mno, nchi hii na nchi ile, kijiji hiki na kile, hata mtu aliyesoma fasihi simulizi anapata shaka. Hadithi inayohamahama hivyo bila mji wala mwenyewe tunaiita ngano. Mimi nakisoma kisa cha mbu kama ngano ya wakoloni, yenye mhusika mjinga na mafunzo yake mwishoni, iliyowafaa waliotaka kuamini kwamba hadhira ya Kiafrika haijakomaa. Na hata kama kweli yupo mzee mahali fulani aliyetamka maneno hayo, nani amesema hakuwa anafanya mzaha? Sisi Wapimbwe tungeweza kabisa kumjibu bwana wa serikali hivyo, tena kwa uso mkavu.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ambayo Sellers alikuwa akitunga kanuni zake za mwendo wa konokono, watu wa Zanzibar, Dar es Salaam na Tanga walikuwa ukumbini wakifuata filamu za Kihindi zenye mapacha waliopotezana, ndoto ndani ya ndoto na nyimbo saba, katika lugha wasiyoijua, na hawakupotea njia. Charlie Chaplin alieleweka kiasi kwamba, inasemekana, neno chale, kwa maana ya mchekeshaji, limetokana na jina lake, na wahakiki wa sanaa za maonyesho wamewahi kuhusisha vichekesho vya jukwaani na filamu zake. Jumba la biashara lilimwamini mtazamaji kuliko gari la serikali lilivyomwamini.

Nisilionee gari, hata hivyo. Kwa watu wa bara kama sisi gari ndilo lililokuwa sinema. Liliendelea kuja hata baada ya Uhuru, na wazee wa Mamba husimulia shuka jeupe likitundikwa uwanjani, watu wakakaa pande zote mbili, wa nyuma wakiona waigizaji wote wakiwa wa mkono wa kushoto. Na wanachokikumbuka zaidi ni yule bwana wa kipaza sauti aliyesimama kando ya gari akieleza kwa Kiswahili kinachoendelea. Filamu yenyewe wengi wameisahau. Mzungumzaji hawajamsahau. Hapo tayari tuna fanani, ingawa serikali ilimwajiri kama chombo tu cha kufikishia ujumbe.

Na kuna jambo la kuchekesha katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni moja ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, miongoni mwao *Muhogo Mchungu*. Mwigizaji mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Januari 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kwa hiyo wale waliodhani wanamfundisha Mwafrika jinsi ya kutazama walikuwa wakimfundisha mmoja wao jinsi ya kusimama mbele ya watu. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi, Kawawa alikuwa na shule nyingine kubwa zaidi katika chama cha wafanyakazi, lakini haliwezi kupita bila kutajwa.

Kufa kwa majumba tutapita haraka, kwani sababu zake zinafahamika. Zanzibar Mapinduzi ya 1964 yaliyaweka majumba mikononi mwa serikali. Bara, sheria ya Aprili 1971 ilitaifisha majengo makubwa ya kupangisha, na mwenye sinema akajikuta mpangaji. Uagizaji wa filamu ukawekwa chini ya Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968. Zikaja vita vya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, mikanda ikawa ile ile inayorudiwa mpaka imejaa mikwaruzo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973; Bara televisheni ilianza 1994. Katikati yake ikaingia video, na deki moja sebuleni ikamaliza kazi. Sinema ya magari ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1966, eneo lake sasa ni ubalozi wa Marekani. Majumba mengine yakawa maduka, mengine maghala, mengine makanisa. Majestic paa lake liliharibika hata sehemu ya ukumbi ikabaki wazi kwa mvua na jua, na bado palikuwa na siku watu walikaa humo wakaangalia picha, nyota zikiwa juu yao. Mimi nalipenda jambo hilo kuliko picha zozote za jumba likiwa jipya.

Hebu sasa turudi Mamba, kwenye kibanda, kwa sababu huko ndiko hadhira ilikohamia.

Kibanda cha utotoni mwangu kilikuwa cha fito na udongo, bati juu, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza liingie. Ndani televisheni moja juu ya meza ndefu, deki, na mabenchi ya mbao. Jenereta lilinguruma nje. Kiingilio kilikuwa shilingi mia, siku ya picha mpya mia mbili, na asiyekuwa nayo aliweza kuleta debe la maji au kulinda baiskeli za wateja. Mikanda iliyokuja tayari imetafsiriwa ilikuwa na sauti za watu wa Dar es Salaam, na mashuhuri kuliko wote alikuwa Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Sauti yake ilifunika sauti ya filamu, akaeleza, akaongeza, akacheka. Lakini mikanda isiyotafsiriwa ilikuja pia, na hapo ndipo kijana wa kwetu alipochukua kipaza sauti mwenyewe.

Kijana huyo hakujua Kichina wala Kihindi, na Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba. Alichokijua ni sisi. Mwalimu wa kung fu anapomwambia mwanafunzi wake maneno marefu kwa ukali, yeye anasema, "Mzee anamwambia: wewe kijana, kabla hujataka kupigana, hata kuchota maji hujajua." Kibanda kizima kinacheka, kwa sababu kila mmoja ametumwa maji jioni ile akakimbilia video. Adui akipanda gari, kijana anatutangazia kwamba huyo anawahi basi la Mpanda. Mtu akifa, anashusha sauti na kutoa pole. Palipokuwa na tusi alilijua mwenyewe kulipooza pale alipoona wazee wameingia, na kulikoleza pale walipotoka.

Tukimtazama kwa vigezo vya fasihi simulizi, ana kila kitu. Ana fomyula ya kuanzia na ya kumalizia. Anaishirikisha hadhira kwa maswali, nayo inamjibu. Hadithi yake inabadilika usiku kwa usiku kutegemea nani amekaa benchi la mbele. Filamu kwake ni kama kisa cha kale kwa mghani wa utenzi: ni mali ghafi. Sisi wenyewe tulikuwa na sheria zetu kama hadhira, na kubwa ilikuwa hii: stelingi hafi. Ole wake filamu iliyoivunja! Katika *Sholay*, ya mwaka 1975, Jai anakufa, na nakumbuka kibanda kiligoma, watu wakidai mkanda umekatwa, urudishwe nyuma. Nilipofika chuo na kusoma habari za Fumo Liyongo, shujaa anayeuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, tena na mwanawe mwenyewe, niliwakumbuka wale waliogoma. Wasikilizaji wa Liyongo walijua toka mwanzo kuwa shujaa atakufa, na utamu wao ulikuwa katika kujua huko. Sisi wa kibandani tulilipia mia mbili ili asife. Ni tofauti ya hadhira mbili, na ni suala linalostahili tasnifu ya mtu, wala silo la kuchekwa.

Hata hivyo mhakiki asiwe mshabiki. Kibanda kilikuwa na kasoro ambazo hatuna budi kuzisema. Watoto walikesha. Palionyeshwa picha ambazo hazikuwafaa. Bodi ya Filamu na ile Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 zilikuwa mbali sana na magunia yale ya dirishani. Na kasoro kubwa kuliko zote ni hii: wasichana hawakuwemo. Dada zangu waliijua *Sholay* kwa kusimuliwa na mimi, na mimi si msimulizi mzuri. Msichana aliyeonekana kibandani usiku aliharibikiwa jina. Ndiyo kusema kibanda kilimhifadhi fanani, kikahifadhi na kelele za hadhira, lakini kikawafukuza nusu ya watu. Zanzibar ya miaka ya 1950, ile tunayoidhania ilikuwa na ushungi mzito kuliko sisi, iliwatengea wanawake onyesho lao. Mamba ya miaka yangu haikuwatengea chochote.

Sasa tunaweza kulirudia swali la ukarabati tukiwa na kitu mkononi.

Kukarabati mawe ni kazi ngumu na ya heshima, na sitaki mtu adhani naidharau. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na nyumba zake nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukiupaka saruji kwa haraka ya kuupendezesha, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza kimyakimya. Jengo la 1955 kama Majestic lina matatizo ya aina nyingine, ya zege na paa pana lisilo na nguzo katikati, ambalo likianza kuvuja linakula kila kilicho chini yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, watu wawili wakafa. Baada ya siku ile hakuna mwenye haki ya kusema habari za majengo ya kale ni anasa ya wasomi.

Lakini jengo likishakuwa salama, kuna jaribu moja linalolisubiri, nalo ni kimya. Ukumbi mzuri, viti laini, tiketi ya bei ya mgeni wa hotelini, filamu inayoonyeshwa kwa heshima na watu wakapiga makofi kwa adabu mwishoni. Zanzibar tayari ina tamasha la filamu, ZIFF, lililofanyika kwa mara ya kwanza 1998, na kwa siku zake chache kila mwaka limefanya kazi nzuri. Jumba la kudumu lina kazi nyingine, ya Jumatano ya kawaida ambayo hakuna mgeni. Majestic ya zamani iliwatenganisha watu kwa bei ya kiti, na tusijidanganye kwamba balkoni na benchi la mbele vilikuwa sawa. Ila mwenye senti chache aliingia. Tabaka zilikaa juu na chini, lakini zilicheka kwa pamoja, na za chini ndizo zilizocheka kwanza.

Filamu ya kuanzia ipo. *Vuta N'kuvute*, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa 1999, imefanywa filamu na Amil Shivji, nayo ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Hadithi yake inatupeleka Zanzibar ya miaka ya 1950, yaani ya wakati Majestic inajengwa upya. Ni kichekesho cha namna fulani kwamba mtu wa Toronto ameiona kazi hii katika ukumbi kamili kabla ya mtu wa Mpimbwe, ambaye ameisoma riwaya. Sitaki aioneshwe kwenye simu ya inchi sita, ingawa huko ndiko vijana wa Mamba walikokwenda: kibanda sasa kinajaa siku ya mpira, na picha kila mtu anaangalia peke yake, earphone masikioni, hakuna wa kumwuliza huyu ni nani na kwa nini analia.

Mapendekezo yangu yatawashangaza wenye fani ya ujenzi. Onyesho la wanawake lirudi, lenye siku yake na bei yake, kwa namna ambayo wanawake wa sasa wenyewe watataka liwe. Baraza la nje, pale watu walipokuwa wakisubiri na kubishana, lisifanywe maegesho ya magari, kwani nusu ya uhakiki ilifanyika hapo. Na angalau usiku mmoja kwa wiki filamu ya kigeni ionyeshwe ikiwa na mtafsiri hai, mwenye kipaza sauti, anayelipwa. Najua kuna suala la haki. Sheria ya hakimiliki inamtaka apate ruhusa ya wenye filamu, na kibandani hakuna aliyewahi kuomba ruhusa ya mtu. Jumba lenye ofisi na anwani linaweza kuomba. Filamu za zamani zipo, watengenezaji wa Afrika wasiopata wa kuwaonyeshea wapo, na barua moja haigharimu kama paa.

Limebaki suala la mahali pa kumweka huyo mtafsiri, na hili si dogo kama linavyosikika. Chumba cha mitambo kipo nyuma, juu, na mhandisi yeyote atataka kumfungia humo kwa sababu nyaya ni fupi. Humo atakuwa sauti tu, kama santuri ya Vugiri. Mimi ningemweka chini, pembeni ya pazia, taa ndogo ikimmulika mkononi, mahali ambapo akigeuza shingo upande mmoja anaiona filamu, na akigeuza upande wa pili anaziona nyuso za watu.